Mwendo wa Kuazima

Nilitumwa chaki. Chaki na misumari nusu kilo, basi. Sikutumwa balaa.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, jua linazama, nami natembea kwa hasira nimevaa suruali ya mazoezi iliyopauka magotini. Niseme mapema asije mtu akaniambia nilificha: mimi ni mtu wa hasira. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na hakuwa anatania sana. Jioni ile hasira yangu ilikuwa na sababu. Mwongozaji wetu, tuliyezoea kumwita Mwalimu, alikuwa amenivunjia heshima mbele ya kikundi kizima.

Tulikuwa kikundi cha maigizo cha watu saba. Mazoezi tuliyafanyia kwenye ghala la zamani la nafaka lenye sakafu ya mbao, kuanzia saa tisa mchana mpaka giza likianza kuingia, maana humo hamkuwa na umeme. Igizo lenyewe lilihusu mwanamke aliyeua watu watatu wa nyumba yake alasiri moja, kisha akakaa kitako akamenya viazi. Huyo mwanamke ndiye mimi. Na haongei. Mwanzo hadi mwisho hatamki zaidi ya sentensi mbili, kila kitu anakisema kwa mwili.

Mwalimu alikuwa mtu wa mwili. Kabla ya maigizo aliwahi kufundisha mazoezi ya viungo shuleni, na kwake mhusika hatafutwi kwenye karatasi. Tembea kwanza. Nini kinatangulia, kifua, tumbo au goti? Uzito umeuweka wapi? Unapumulia juu au chini? "Mkipata mwendo," alikuwa akisema, "mwenyewe atakuja." Tulikuwa tunacheka. Tulidhani ni maneno tu ya kazi.

Siku hiyo alinitembeza saa nzima, anagonga kijiti chake sakafuni, ta, ta, ta. Halafu akaacha kugonga.

"Unanionyesha mtu anayetaka kutisha," akasema. "Simtaki huyo. Nataka mtu ambaye kazi ameshaimaliza, sasa anatafuta kisu cha viazi. Huna. Nafasi nilimpa dada mtu, kumbe ningempa mdogo mtu."

Mdogo mtu ni Pini. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, mwembamba hivyo ndiyo maana jina hilo likamganda. Wazazi walipotutoka yeye alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na tisa. Nimemlea mimi, nimemlisha mimi, na siku aliyosema anataka kuigiza nilimshika mkono nikampeleka ghalani mimi mwenyewe. Kwenye igizo alikuwa binti wa yule mwanamke, wa mwisho kuuawa. Mwalimu aliposema vile Pini aliinamisha kichwa kwa aibu, aibu ya kunionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi.

"Nenda kalete chaki na misumari, upunge upepo," Mwalimu akamalizia. "Na njiani uniazimie mwendo."

Kuazima mwendo ni zoezi. Unachagua mtu usiyemjua barabarani, unatembea nyuma yake kwa mbali, unauvaa mwendo wake kiungo kimoja kimoja. Masharti yalikuwa mawili. Hatua hamsini tu, halafu unageuka, unakung'uta miguu, unamwachia mwenyewe mali yake. Na asikuone. Hilo la pili Mwalimu alisema ni adabu tu, hakuna mtu anayependa kuigwa.

Nilimwona kwenye kona ya fundi viatu.

Mama wa makamo, mrefu, gauni limefuliwa mpaka limepoteza rangi. Mikono yake miwili alikuwa ameizungushia vitambaa, kama mtu aliyeungua. Lakini mikono niliitazama baadaye. Kilichonishika ni mwendo. Uzito wote kisiginoni. Goti la kushoto linazama kidogo kila hatua, na bega linalifuata. Ukisikia... dup, halafu tup. Dup... tup. Hana haraka. Hana pa kwenda. Nywele zilinisimama kwa furaha, wallahi. Nikasema moyoni: ndiye huyu! Huyu kazi ameimaliza.

Nikamfuata.

Hatua hamsini zilipita nikijua zimepita. Sikuacha, kwa sababu goti lilikuwa linanishinda. Sabini. Mia. Nikapita duka la misumari nikaliona linavyofungwa, sikusimama. Njia ikawa nyembamba, kuta pande zote mbili, watu hakuna. Nikaanza kusikia harufu. Sabuni ya kufulia, na chini yake harufu ya chuma kilicholowa.

Akasimama.

Nami nikasimama, goti likiwa limezama kama lake.

Hakugeuka. "Goti," akasema.

Nikalitazama goti langu.

"Goti unalizamisha mapema mno. Lisubiri bega."

Mtu mwenye akili timamu hapo angesema miguu niponye. Mimi je? Mimi ni mwigizaji. Nimetoka kusimangwa saa nzima sijui ninachokosea, na huyu mama, bila hata kunitazama, amekiona na amepatia. Wenzangu wa jukwaani watanielewa, wengine basi. Nikaliacha goti lisubiri bega. Likaingia. Jamani, likaingia lenyewe kama mguu kwenye kiatu cha zamani.

"Shikamoo mama," nikasema kwa aibu. "Samahani, sikuwa nakudhihaki."

Hakuitikia. "Uzito nyuma zaidi. Pumua kwa mdomo, chini, kama umebeba ndoo mbili. Ehe. Hivyo." Akageuka. Uso wa kawaida kabisa, uso wa mtu unayeweza kupanga naye foleni. Akaanza kufungua vitambaa vya mikononi. Mikono misafi, vifundo vimefichwa na mikono mirefu ya gauni, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama.

"Na mikono, mama? Niifanyeje?"

"Iache. Itajua yenyewe."

Akanitazama nikipita mbele yake, nikirudi, nikipita. Kisha akanong'ona:

"Unautaka?"

"Nautaka, mama."

"Sema tena."

"Nautaka."

Akashusha pumzi ndefu. Halafu akacheka, kicheko cha msichana wa miaka kumi na tano! Akaruka mtaro, akakusanya gauni mkononi, akakimbia kwa vidole vya miguu mpaka akapotea, vitambaa vyake kaviacha chini. Nami nikacheka. Nikasema huyu mama ana vituko. Nikarudi kutafuta chaki duka lingine.

Miguu sikuikung'uta.

Kesho yake nilipanda kwenye mbao nikatembea. Dup... tup. Gumzo likakatika. Mbao zililia kana kwamba waliotembea ni watu wawili. Kijiti kilimdondoka Mwalimu mkononi, hakukiokota.

"Endelea," akasema taratibu. "Ingia kwa mume."

Mume aliigizwa na Bonge, mcheshi wetu, mtu mnene mwenye roho nyeupe ambaye sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Ilikuwa nimkabe. Sasa kukaba jukwaani kuna utaratibu wake. Mikono yangu inakaa juu ya mabega yake tu, na yeye anayekabwa ndiye anayejitikisa na kukoroma. Akinigonga mara mbili mkononi, tunaacha papo hapo. Tulishafanya hivyo mara ishirini.

Mikono ikapita mabega.

Dole gumba likaenda chini ya taya, mahali ambapo mimi sikupajua, likabonyeza. Bonge akatoa macho. Alidhani nimekolea, akajaribu kunifuata. Halafu akanigonga mara mbili.

Nilisikia. Naomba hili lieleweke, nilisikia. Niliiambia mikono ifunguke, haikufunguka. Na la kutisha zaidi ni kwamba ndani yangu kulikuwa kumetulia. Sikuwa na hasira hata chembe, mimi mwenye hasira zangu! Nilikuwa nawaza viazi.

Tukaanguka pamoja. Bonge akaingiza vidole aning'oe, mkono wangu ukavishika viwili ukavikunja kinyume. Nikavisikia vikivunjika, kimoja, halafu cha pili. Akapiga yowe lisilotoka. Nikakiinua kichwa chake nikakibamiza kwenye mbao. Nikakiinua tena, nikabamiza tena. Damu ikaanza kushuka kwenye nafasi za mbao. Wenzangu walikuja mbio, na Mwalimu, sitasahau mpaka naingia kaburini, Mwalimu aliwatandazia mikono kuwazuia.

"Msimguse! Msimguse, ameshampata!"

"Dada!" Pini akapiga kelele.

Mikono ikafunguka.

Tulimpeleka Bonge hospitali akashonwa kichwa na kufungwa vidole. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikilia. Akanitazama kwa jicho lililokuwa halijavimba, sauti imekwaruza: "Si ungesema tu hunipendi, mama. Ningeelewa." Wote wakasema ni zile hasira zangu, zimepata uwanja. Na mimi nikakubali. Ilikuwa rahisi kukubali.

Jumamosi hatukuwa na mazoezi. Asubuhi Pini akaleta kigoda akakaa katikati ya magoti yangu nimsuke, kama tulivyofanya tangu ana miaka tisa. Alikuwa anamwiga mwenye nyumba wetu anavyopiga chafya, tunacheka. Nikainuka kuchukua kitana dirishani.

Dup... tup.

Niliusikia mwendo ukivuka chumba changu, na sikuwa nimeuita. Nikarudi nikakaa. Mkono wa kushoto ukazishika nywele za Pini kwenye mzizi, ukavuta kichwa nyuma mpaka koo likatokeza juu. Akacheka. "Dada, taratibu bwana." Mkono wa kulia ulikuwa unapapasa mezani, na kilichokuwa mezani ni mkasi wa kukatia nyuzi. Harufu ya sabuni ikajaa chumbani.

Nikaona mkasi unakwenda.

Sikuweza kuuzuia. Nilichoweza ni kujirusha ubavuni, ukanishukia mimi, ukazama pajani mpaka kwenye mpini. Nikaung'ata mkono wa kushoto uachie, nikang'ata mpaka nikaonja damu yangu. Ukaachia, lakini si kabla ya kung'oa. Nilibaki na fungu la nywele za mdogo wangu na kipande cha ngozi kimening'inia. Damu inamtiririka shingoni inaingia kwenye fulana.

Hakulia. Alibonyeza kiganja kwenye jeraha.

"Dada," akanong'ona, "huyo si wewe."

"Ni nani basi?"

Niliuchomoa mkasi. Nilijifunga paja kwa shuka, nikamwambia ajifungie ndani na asinifungulie hata nikilia. Nikaenda kumtafuta yule mama. Nilitaka nimrudishie kilicho chake.

Fundi viatu alikuwa ameinama anashona soli. Hakuinua kichwa. Alinisikia nikija tu.

"Leo umechelewa, mama," akasema kwa mazoea. Kisha akainua macho. Sindano ikamchoma kidole, hata hakushtuka kwa sindano. "Wewe... huo mwendo umeutoa wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza ananyonya kidole. Yule mama amekufa, akasema. Alikutwa kitandani asubuhi ile ile baada ya jioni yetu, nyayo zimejaa vumbi kama mtoto aliyeshinda anacheza, anatabasamu. Waliomwosha waliona vifundo vya mikono vina makovu ya kamba, kamba za miaka. Alikuwa akijifunga kitandani kila siku akilala. Zamani nyumba yake ilikuwa na watu. Fundi alipohamia kona ile, miaka ishirini iliyopita, alimkuta amebaki peke yake, na hakuuliza.

"Watoto walikuwa wakimwiga anapopita," akaendelea kwa sauti ya chini. "Aliwatupia mawe. Mmoja alimng'oa jino. Sote tulimwona katili. Siku moja akaniambia, fundi, mwendo huu hautupwi. Unataka mtu mzima, mwenye akili zake, aseme mwenyewe kwamba anautaka. Nikadhani anapayuka. Nani atautaka?"

Nani atautaka! Katika mji mzima, mpumbavu pekee wa kuutaka ni mwigizaji, na nilimwambia ndiyo mara mbili. Kama aliuazima kwa mtu mwingine kabla yake, na huyo kwa mwingine, fundi hakujua. Hakuna ajuaye.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda ghalani. Nyuma ya jukwaa palikuwa na stoo ya mavazi, mlango wa mbao nene wenye komeo la nje. Nikampigia Mwalimu simu aje anifungie humo, na Pini asisogee. Mwalimu alikuja kwa kasi, akanifungia bila kuuliza mara mbili. Nilisikia hakuondoka. Alivuta kiti akakaa nje ya mlango, na baada ya muda nikasikia kalamu ikikwaruza kwenye karatasi. Alikuwa anaandika ninavyotembea.

Jioni nikasikia sauti ya pili. Komeo likafunguka.

Pini akaingia, kitambaa kimefungwa kichwani pale nilipomchuna. "Nifungie nyuma, Mwalimu," akasema. Na yule mwanaharamu akafunga.

"Toka, Pini." Nilirudi ukutani kati ya magauni. "Nakuomba, mama'ngu. Toka."

"Nimepita kwa fundi viatu. Kaniambia."

"Basi kama unajua toka! Mwalimu! Fungua mlango, mshenzi wewe!"

Komeo halikuguswa. Kalamu ilikuwa imeacha kukwaruza.

Dup...

"Dada, nitazame mimi."

Tup.

Nilimfikia kwa hatua nne. Akainua kiti akinge, nikakipokonya nikakivunjia ukutani. Nikamshika fulana nikamtupa juu ya sanduku la mavazi, bega likapasuka ndani, mfupa ule wa mtulinga, nikausikia. Akaguna tu. Akainuka. Alikuwa mdogo wangu, alikuwa na uzito wa kuku, na akainuka! Nikampiga kwa kiganja, damu ikamruka puani. Halafu mikono ikapata shingo. Dole gumba likapata mahali pake.

Nilisubiri anikwaruze. Anitoboe macho, anipige teke, niliomba afanye hivyo. Badala yake akaileta mikono yake polepole, ule wa upande wa bega lililovunjika ukibaki nyuma kidogo, akaiweka shingoni mwangu. Mahali pale pale. Akavuta pumzi kwa mdomo, ile kidogo niliyomwachia, akaishusha chini. Uzito akauhamishia kisiginoni.

Nikaelewa anachofanya. Ni zoezi la kioo. Mnasimama uso kwa uso, mnafuatana kiungo kwa kiungo, mpaka haijulikani nani anaongoza na nani anafuata. Tulikuwa tunaanza nalo kila siku saa tisa. Pini alikuwa hodari wa kioo kuliko sote. Alikuwa hodari kuliko mimi kwa kila kitu, na Mwalimu hakukosea siku ile, ndiyo maana niliumia.

Midomo yake ikatikisika bila sauti. *Nautaka.*

Hapa ndipo nitakaposema ukweli, maana nimechoka kuubeba. Kioo kinavunjika kirahisi. Ningefumba macho. Ningekunja kidole kimoja cha mguu. Mwili haukuwa wangu, lakini kidole cha mguu kilikuwa changu, na nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Nilikuwa naogopa mno. Nilitaka mwendo ule utoke, jamani, utoke kwangu, uende popote. Na nikaona anakosea kidogo. Goti lake lilikuwa linatangulia.

"Lisubiri bega," nikamnong'oneza.

Mimi. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akalisubiri.

Ukatoka. Sina namna ya kulieleza, ila wepesi. Mikono yangu ikaanguka, na furaha ikanipanda kutoka miguuni, furaha ya kijinga, ya kutaka kuruka kamba. Nikacheka. Niligonga mlango, Mwalimu akafungua, nikampita mbio na paja langu lenye tundu, nikakimbia barabarani kwa vidole vya miguu huku nacheka kwa sauti. Watu walisimama kunitazama. Nilikuwa nimefika mbali ndipo nikakumbuka nimemwacha nani.

Niliporudi, kiti cha Mwalimu kilikuwa kitupu na daftari liko chini. Alikuwa ameingia stoo aone kwa karibu. Alikuwa amelala kifudifudi, lakini uso wake ulikuwa unatazama dari. Pini amekaa juu ya sanduku, amejifunga mikono kwa mkanda wa vazi, anakaza fundo kwa meno. Hakuwa na hasira usoni wala huzuni. Aliniangalia kama anayewaza jambo la jikoni.

"Nilimwambia asiingie," akasema.

Tuliwaambia polisi rafu ya masanduku ilimwangukia, na tuliiangusha kabla hawajafika. Labda waliamini. Labda walichoka kuuliza. Kikundi kilivunjika, Bonge hapokei simu zangu, nasi tulihamia mtaa wa mbali ambako hatujulikani. Jioni namfunga Pini mikono, asubuhi namfungua. Mtulinga umeunga vibaya, bega limebaki chini. Hajawahi kunilaumu. Kila asubuhi, nikiwa nalegeza fundo, ananitazama kidogo, kisha anatazama pembeni. Wote wawili tunajua. Mimi ni mtu mzima, nina akili zangu, na mwendo ule naujua hatua kwa hatua. Ni neno moja tu. Nimejaribu kulisema nikiwa peke yangu bafuni, na hata huko halikutoka.

Ndipo mwezi uliopita nikafikiria njia nyingine. Nikaandika tangazo nikalibandika kwenye nguzo za mtaa: mafunzo ya uigizaji, watu wazima tu, bure. Sikumwambia Pini. Nilimwambia tu kuna mgeni anakuja kuona anavyotembea.

Jana akaja wa kwanza. Dada mmoja mchangamfu, meno meupe, anasema tangu shuleni ndoto yake ilikuwa jukwaa. Mgongoni amebeba mtoto wa kama miezi minane, kalala mdomo wazi. Nikamkaribisha, nikamwelezea kuhusu uzito na pumzi, akawa anaitikia kwa hamu huku anamtikisa mtoto. Nikamwita Pini atoke chumbani aonyeshe. Akatoka. Akamwona yule dada, akamwona mtoto. Hakupiga hata hatua. Akakaa sakafuni pale pale mlangoni, akaikalia mikono yake miwili, akanitazama mimi.

Safari hii hakutazama pembeni. Alinitazama, akasubiri.

Nilisimama katikati ya chumba. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, naapa lilikuja.

"Mdogo wangu leo hajisikii vizuri," nikamwambia yule dada. "Njoo kesho, saa tisa. Na mtoto umwache nyumbani."